Maradufu ya ngapi?

Katika kozi yetu ya uandishi wa sayansi, kazi ninayoipenda kuliko zote ni kusoma makala za wenzangu. Kila mwanafunzi huchagua utafiti mmoja uliochapishwa kwenye jarida, akaandika makala ya kuueleza kwa msomaji wa kawaida. Kisha rasimu zinagawanywa bila majina: wewe unapata za wenzako, wao wanapata yako, na kila mtu anaandika uhakiki wa ukurasa mmoja hivi. Mwandishi anairekebisha rasimu yake na kuirudisha pamoja na barua fupi inayoeleza amekubali nini, amekataa nini, na kwa nini. Mhadhiri anatoa alama kwa vyote vitatu.

Wengi darasani wanauona uhakiki kama mzigo wa kutuliwa usiku wa kuamkia siku ya kukusanya. Nawaelewa, kazi ni nyingi, ila sikubaliani nao hata kidogo. Nimefika mahali pa kuamini kwamba kozi yenyewe iko hapo, kwa sharti moja: uufungue utafiti ambao mwenzako ameuandikia. Usipoufungua umesoma makala tu, hujaihakiki.

Uhakiki ninaokutana nao mara nyingi unakwenda hivi: "Makala nzuri sana, hongera. Lugha imenyooka. Angalia alama za vituo kwenye aya ya tatu." Aliyeandika hivyo hana nia mbaya. Pengine anaogopa kumuudhi mwenzake. Pengine anajiuliza yeye ni nani hata amkosoe mtu aliyeishi na mada kwa wiki kadhaa, wakati yeye ndiyo kwanza anaisikia. Lakini aliyepokea maneno hayo ameachwa peke yake. Kama kulikuwa na kosa kwenye rasimu, ataondoka nalo hadi kwa msomaji wa kweli, na huyo hamwandikii mtu uhakiki. Anaamini kilichoandikwa na kwenda kuwasimulia wengine.

Tena huko kuwa mgeni wa mada mimi nakuona kuwa ni mtaji. Aliyekaa na utafiti muda mrefu hakumbuki tena lini alijifunza maana ya "kundi linganishi", yaani watu wasiopewa dawa inayojaribiwa ambao waliopewa hulinganishwa nao, au kwa nini washiriki hawakuambiwa nani amepewa dawa na nani amepewa kidonge kisicho na dawa. Kwake hayo ni kama hewa. Wewe unayefika leo ndiye unayeweza kumwambia pale pumzi ilipokukatikia.

Nitoe mfano. Rasimu mojawapo niliyopewa ilihusu vidonge vya kupanga uzazi na tatizo la damu kuganda kwenye mishipa. Ilikuwa imeandikwa kwa ufasaha, sentensi fupi fupi, huoni pa kukwama. Katikati yake kulikuwa na sentensi iliyosema kwamba vidonge vya aina fulani huongeza hatari ya damu kuganda maradufu. Nikapiga mstari chini yake, na pambizoni nikaandika: maradufu ya ngapi?

Sentensi ile haikuwa ya uongo. Tatizo ni kwamba msomaji hawezi kuifanyia kazi yoyote zaidi ya kuogopa. Ugonjwa unaompata mtu 1 kati ya 10 ukianza kuwapata 2 kati ya 10, hilo ni janga. Unaompata 1 kati ya 7,000 ukianza kuwapata 2 kati ya 7,000, hilo ni jambo la kuzungumza na daktari kwa utulivu. Pote pawili hatari imeongezeka maradufu, au asilimia 100 ukipenda.

Na hizo 7,000 sikuziokota hewani. Oktoba 1995 nchini Uingereza, kamati iliyokuwa ikisimamia usalama wa dawa ilitoa onyo kwa madaktari kwamba vidonge vya kupanga uzazi vya kizazi cha tatu vinaongeza hatari ya damu kuganda maradufu vikilinganishwa na vile vilivyovitangulia. Vyombo vya habari vikaibeba habari hiyo kama ilivyo. Wanawake wengi wakaacha vidonge kwa hofu. Ukiangalia namba zenyewe, ongezeko lilikuwa kutoka takriban mwanamke 1 hadi 2 kati ya 7,000. Mwaka uliofuata, utoaji mimba England na Wales uliongezeka kwa makadirio ya 13,000. Kinachouma zaidi ni kwamba ujauzito wenyewe unaongeza hatari ya damu kuganda kuliko vidonge hivyo. Mwanasaikolojia Gerd Gigerenzer wa Ujerumani, ambaye kazi yake kubwa ni namna watu wanavyoelewa hatari, amekitumia kisa hiki kwa miaka mingi, na tangu nilipokisoma siwezi tena kuipita asilimia iliyosimama peke yake kwenye rasimu ya mtu.

Sikumjazia mwandishi hotuba hiyo yote. Nilichomwandikia ni hiki: "Nilipofika hapa nilishtuka, nikadhani jambo hili linawapata wanawake wengi. Nikafungua jedwali la utafiti wako nikakuta namba zote mbili zipo, za wanaotumia na za wasiotumia, kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Ukiziweka bega kwa bega, msomaji ataona ongezeko lipo na ataona pia ukubwa wake. Neno maradufu linaweza kubaki baada ya hapo." Rasimu ya pili iliporudi, namba zilikuwa zimekaa pamoja, na mwandishi alikuwa ameongeza kwa hiari yake sentensi kuhusu hatari ya wakati wa ujauzito. Ndiyo ikawa aya bora ya makala nzima. Mimi nilileta swali tu. Kazi yote ni yake.

Mfano wa pili nitaukalia zaidi kwa sababu unahusu kisa ambacho kila mtu anadhani anakijua. Mwenzetu mmoja aliandika kuhusu Barry Marshall, daktari wa Australia ambaye mwaka 1984 alikunywa bakteria ili kuonyesha kwamba vimelea wanaweza kuishi tumboni na kuleta ugonjwa, wakati wataalamu wengi waliamini vidonda vya tumbo vinatokana na asidi na msongo wa mawazo. Ni kisa kitamu, na kina mwisho mtamu: mwaka 2005 Marshall na mwenzake Robin Warren walipata Tuzo ya Nobel ya tiba. Rasimu ilikisimulia kwa kasi: alikunywa, akapata vidonda vya tumbo, akajitibu, waliokuwa wakimbishia wakanyamaza.

Nikaenda kuutafuta utafiti. Ukiutafuta kwa jina la Helicobacter pylori hutauona kirahisi, kwa sababu jina hilo bakteria huyo alipewa mwaka 1989. Makala ya Marshall na wenzake ilitoka kwenye Medical Journal of Australia mwaka 1985, na wakati huo bakteria aliwekwa kwenye ukoo wa Campylobacter. Hilo pekee lilinionyesha kwamba huenda mwandishi hakuwa amefika kwenye chanzo. Alikuwa amesoma watu waliosoma watu waliokisoma.

Muhtasari wa makala ile ni mfupi na umeandikwa kwa unyenyekevu mkubwa. Hautaji shujaa, unataja mtu wa kujitolea mwenye ukuta wa tumbo usio na kasoro, aliyepewa bakteria kwa mdomo. Akapata ugonjwa usio mkali uliodumu siku 14. Siku ya kumi vipimo vya hadubini vilionyesha ukuta wa tumbo umevimba kwa maambukizi. Kufikia siku ya 14 uvimbe ulikuwa umeisha kwa kiasi kikubwa. Kisha watafiti wanapendekeza kwamba hali hiyo inaweza kugeuka maambukizi sugu, na maambukizi sugu yakamweka mtu kwenye njia ya kupata vidonda. Kidonda chenyewe hakipo popote kwenye matokeo.

Je, kuna tofauti gani kati ya uvimbe na kidonda kwa msomaji wa kawaida? Kwa maoni yangu, tofauti ndiyo makala nzima. Alichoonyesha Marshall kwa kikombe kile ni kwamba bakteria huyu anaweza kuvimbisha tumbo lililokuwa zima. Ni hatua kubwa, tena ya kijasiri, lakini ni hatua moja. Kwamba vidonda vinaponywa na havirudi ukimuua bakteria, hilo lilijulikana polepole kupitia wagonjwa: waliopewa antibiotiki wakapona bila kurudiwa, huku waliopewa dawa za kupunguza asidi tu wakirudiwa na vidonda mara kwa mara. Mwaka 1994 ndipo jopo la wataalamu lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilipopendekeza kwamba wagonjwa wa vidonda wenye bakteria huyo wapewe antibiotiki. Hapo miaka kumi imeshapita tangu kikombe.

Rasimu inayoishia kwenye kikombe inaifuta miaka hiyo kumi. Inamfundisha msomaji kwamba sayansi huamuliwa na mtu mmoja jasiri anayewashinda wabishi kwa tukio moja. Nalichukia fundisho hilo, kwa sababu wako watu leo wanaotangaza tiba zisizo na ushahidi na kujilinganisha na Marshall: yeye alipingwa, mimi napingwa, kwa hiyo nami niko sahihi. Msomaji anayejua kwamba baada ya kikombe ulifuata muongo wa kuwafuatilia wagonjwa atamwuliza mtu huyo swali la pili: wagonjwa wako wako wapi?

Nilimwandikia mwenzangu yote hayo kwa ufupi, nikamwekea sentensi ya muhtasari aisome mwenyewe. Sikumwambia "umekosea". Nilimwambia kwamba chanzo kinasema uvimbe, makala yake inasema kidonda, na kwamba kwa macho yangu kisa kikielezwa kama kilivyotokea kinapendeza zaidi, maana kina mashaka ndani yake.

Makosa mengine hayahitaji kukaliwa hivyo. Lile la panya, kwa mfano: kichwa cha habari kinatangaza dawa mpya ya kurejesha kumbukumbu, unasoma aya baada ya aya ukidhani ni wagonjwa, kumbe ni panya wa maabara, na wanatajwa karibu na mwisho kama vile ni siri ya familia. Hapo maoni yangu ni ya mstari mmoja: mpandishe panya hadi kwenye kichwa cha habari, au angalau sentensi ya kwanza. Au lile la watu wanaokunywa kitu fulani kuishi muda mrefu, ambapo hakuna aliyeuliza kama watu hao pia wana kipato zaidi na wanavuta sigara kidogo. Haya ukishayajua unayaona mara moja.

Sasa namna ya kuyasema. Mimi husoma mara ya kwanza bila kalamu, kama mtu aliyeikuta makala mtandaoni. Mara ya pili nasoma na utafiti ukiwa umefunguliwa pembeni, na kila tarakimu ninayoikuta kwenye rasimu naitafuta kwenye jedwali au kwenye maelezo. Kazi hii inachosha macho. Lakini ndiyo inayokupa haki ya kusema lolote, na inakuzuia kusema mengi usiyo na uhakika nayo. Mara kadhaa nimekaribia kuandika kwamba namba fulani imetiwa chumvi, nikaikuta kwenye utafiti ilivyo.

Katika kuandika, najitahidi kueleza kilichonitokea mimi nikisoma. "Aya hii haieleweki" haimsaidii mtu. Hajui aanzie wapi, na moyoni anasikia kwamba yeye ndiye haeleweki. "Nilipofika hapa nilidhani kundi linganishi ni wagonjwa walewale kabla ya kupewa dawa, na sentensi iliyofuata ikanichanganya" ni kitu anachoweza kukirekebisha kwa dakika chache. Hawezi hata kubishana nacho, maana ni taarifa ya msomaji mmoja na yaliyompata. Nasema pia kilichonivutia, kwa umakini uleule. Sifa ya jumla ni rahisi kutolewa na rahisi kusahauliwa. Ukimwambia mtu kwamba mfano wake wa kufuli na ufunguo ndio uliokufanya uelewe jinsi dawa inavyonasa kwenye seli, atajua kitu ambacho hatakiwi kukigusa anaporekebisha.

Lugha huwa naiacha mwisho, na mara nyingine siigusi. Kuna wahakiki wanaojaza ukurasa mzima kwa koma na herufi kubwa, huku aya ya matokeo ikidai kitu ambacho utafiti haukusema. Koma itarekebishwa na yeyote.

Kupokea uhakiki ni habari nyingine. Ipo barua iliyorudi kwangu ikiwa na hasira wazi: mwandishi alisema sikuelewa makala, kwamba yeye aliandika kwa ajili ya watu wa kawaida na mimi nataka aandike tasnifu. Niliisoma, nikaurudia uhakiki wangu, na bado nasimama na nilichoandika. Lakini hasira yake naielewa, na si yake peke yake.

Mwaka 1936 Albert Einstein na Nathan Rosen walipeleka kwa jarida la Physical Review makala iliyodai kwamba mawimbi ya uvutano, yaani mitetemo ya anga yenyewe inayosababishwa na mwendo wa vitu vizito mno kama nyota, hayapo. Mhariri, John Tate, akampa mhakiki aisome, na mhakiki akarudisha maoni marefu yenye kasoro alizoziona. Einstein alikasirika. Alimjibu mhariri kwamba hakumpa ruhusa ya kuwaonyesha wataalamu wengine makala kabla haijachapwa, akaiondoa, akaipeleka kwingine. Ilipotoka mwaka 1937 kwenye jarida la Franklin Institute, hitimisho lilikuwa limebadilika. Kosa lilikuwa limeonekana na kurekebishwa. Mhakiki, ambaye miaka mingi baadaye ilithibitishwa kuwa ni mwanafizikia Howard Percy Robertson, alikuwa sahihi. Na mawimbi yenyewe yalinaswa na mitambo Septemba 2015.

Tukumbuke kwamba zama zile uhakiki haukuwa desturi iliyokita mizizi. Jarida la Nature lililifanya jambo hilo kuwa la lazima mwaka 1973 tu. Makala maarufu ya Watson na Crick kuhusu umbo la DNA, ya mwaka 1953, ilichapishwa humo bila kupitia kwa wahakiki wa nje. Kwa hiyo Einstein alikuwa amefanyiwa kitu ambacho hakukizoea. Wenzangu wengi nao ni hivyo hivyo. Tangu shule ya msingi kazi zao zimesomwa na mwalimu peke yake, na ghafla mtu wa dawati la pili anawauliza namba hii umeitoa wapi. Ninachokipenda katika kisa cha Robertson ni kwamba alilipata kosa ndani ya hesabu, ambako jina kubwa la mwandishi halikusaidia kitu, akalieleza kurasa kwa kurasa. Hakupunguza makali kwa kuwa ni Einstein.

Kuna swali ambalo wanafunzi wanaliuliza kila muhula: mimi ninafaidika nini kwa kuhangaika na kazi ya mwingine? Mwaka 2009 Kristi Lundstrom na Wendy Baker walichapisha utafiti uliowagawa wanafunzi wa uandishi makundi mawili. Kundi moja lilifanya kazi ya kutoa maoni kwenye insha za wengine bila kupokea ya kwao, jingine likapokea bila kutoa. Waliotoa ndio walioendelea zaidi katika uandishi wao wenyewe. Nami nitendee utafiti huu haki niliyodai kwa wengine: walikuwa wanafunzi wanaoandika Kiingereza kama lugha ya pili, insha zao hazikuwa za sayansi, na maendeleo yalionekana zaidi kwa wale wa viwango vya chini kuliko waliokwisha kubobea. Hauthibitishi lolote kuhusu darasa letu. Unalingana tu na ninachokiona kwangu: tangu nianze kuhakiki, kila nikiandika asilimia naona mstari wa kalamu ukipita chini yake hata kabla rasimu haijatoka mikononi mwangu.

Fomu yetu ya uhakiki inaanza na swali "Je, makala inavutia?" na swali la chanzo liko chini kabisa, ambako wengi hufika wakiwa wamechoka. Nimemwomba mhadhiri mambo mawili. La kwanza, kila rasimu ije na utafiti wenyewe umeambatishwa, na pembeni mwa kila tarakimu mwandishi aandike ukurasa au jedwali alikoitoa. La pili, mhakiki aonyeshwe rasimu ya mwisho, maana sasa hivi tunaiona kwa bahati tu, mwandishi akiamua kutuonyesha. La kwanza amelikubali na litaanza na mzunguko ujao. La pili anasema atalifikiria, kwa sababu linaongeza kazi ya kupanga na kuna hatari ya majina kujulikana. Nitamkumbusha.